Uchafu katika fuwele za protini na dawa ya sukari

Fuwele ni kitu ambacho molekuli zake zimejipanga safu kwa safu, kama matofali ya ukuta. Chumvi ni fuwele. Protini nazo, zikiwa nyingi ndani ya maji na zikaachwa zitulie, huweza kujipanga hivyo, ingawa fuwele zake ni laini.

Anayeyajua mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, ameshaelewa nusu ya habari hii. Chumvi ikishajitenga, maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu, lazima yamwagwe. Yakiachwa yakaukie humo, chumvi huwa chungu na hushika unyevu.

Uchafu unaosemwa na wanakemia si najisi. Ni molekuli yoyote isiyokuwa ile inayotakiwa, na mbaya zaidi ni ile inayofanana nayo. Fuwele hukua kwa molekuli mpya kujipachika ukingoni mwa safu. Ngeni ikikaa pale, safu hukatika: ukuaji hupungua au husimama, na fuwele hutoka ndogo au yenye kasoro. Mtaalamu akiipiga eksirei ili ajue umbo la protini, picha huja na ukungu.

Mfano unaotugusa ni insulini. John Jacob Abel aliipata katika hali ya fuwele mwaka 1926, na mwaka 1934 ikabainika kuwa zinki husaidia fuwele hizo kujengeka. Kwa hiyo si kila kigeni ni adui.

Kwa miongo mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, ikasafishwa kwa kugeuzwa fuwele mara kwa mara. Hata hivyo uchafu ulibaki. Mwaka 1967 Donald Steiner alieleza proinsulini, molekuli mama ya insulini; kwa kufanana na mwanawe, ilikuwa ikiingia naye ndani ya fuwele. Baadhi ya wagonjwa walipata mzio, wengine ngozi ikabonyea walipodungwa. Njia bora za kuchuja zilikuja miaka ya 1970. Mwaka 1982 ikaidhinishwa insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria, na Waislamu wengi wakapumua: suala la nguruwe halikuwalazimu tena kutegemea hukumu ya dharura.

Ile insulini nyeupe kama maziwa, inayofanya kazi polepole, ni fuwele zinazoelea. Ndani yake mna zinki na protamini, protini itokayo kwa samaki, zilizotiwa makusudi ili fuwele ziyeyuke taratibu chini ya ngozi. Ndiyo maana kichupa huviringishwa polepole viganjani kabla ya kuvuta dawa. Usipofanya hivyo, kipimo huwa pungufu au kupita kiasi. Ikiganda kwa barafu, hata ikiyeyuka, itupwe. Ukiona mabonge yasiyochanganyika, usiitumie.

Mzazi anayempeleka mtoto mwenye sukari shule ya bweni Kaaga, Meru, safari ya kutwa kutoka Mombasa, aibebe dawa mahali pa baridi, lakini isigusane na barafu wala isiachwe juani. Na amfundishe mtoto kukitazama kichupa kabla ya kila sindano.