Mji wa Mawe na Mabega ya Watu

Mbali sana upande wa maawio ya jua, katika Bahari ya Hindi, kiko kisiwa cha Unguja. Huko umo mji wa mawe uitwao Mji Mkongwe. Sisi watu wa Yahuma tu mbali nao, lakini habari zake zinatuhusu.

Mji huo unapendeza kweli. Kuta za nyumba ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo huzuia joto. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti hizo ni fupi, vyumba huwa virefu lakini vyembamba. Milango imechongwa nakshi na kupigwa njumu za shaba. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huo kuwa urithi wa dunia.

Basi, mali ya kujengea ilitoka wapi? Nyingine ilitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Nyingine ilitoka huku kwetu. Mwezi wa Februari 1887, huko Unguja, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, alipatana na Stanley awe liwali wa Mfalme Léopold II katika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo. Pembe za ndovu zilipandishwa mto mpaka Nyangwe na Kasongo, zikavuka Ziwa Tanganyika, zikapita Tabora hata pwani, zikichukuliwa mabegani mwa watu. Wapagazi wengine walipewa ujira. Wengine walikuwa mateka.

Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905. Nyumba yake ingali imesimama Shangani, na wageni huutazama mlango wake. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Waanglikana wakajenga kanisa mahali pale pale. Mapadre wetu, waliofika kisiwani mwaka 1860, walikuwa wakiwakomboa watoto watumwa na kuwalea.

Je, tuuchukie mji huo? Hapana. Hata Kiswahili hiki unachokisoma kilifika Kisangani pamoja na misafara ile ile, nasi leo tunasali kwacho. Ukijaliwa kufika Unguja, usimame mbele ya mlango wa nakshi, uusifu mkono wa fundi. Kisha ulikumbuke bega la mpagazi, umwombee.