Bakapu ya saiba inamaliza usiku mzima? Fanya hivi ikimbie

Kama una saiba Tongaren, hii stori unaijua. Umefunga kazi, umewasha bakapu ya folda za seva, na saa nne usiku programu bado inahesabu faili. Halafu stima inapotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ililala giza. Usiku kama huo, faili ambayo bakapu haikuwa imeifikia haina kopi.

Shida ni gani?

Mara nyingi kinachokula saa ni maswali, si kunakili. Programu inauliza seva kuhusu kila faili: una ukubwa gani, ulibadilishwa lini? Piga hesabu. Faili 200,000, maswali matatu kwa kila moja, milisekunde 2 kwa swali: dakika 20 zimeisha bure. WiFi ikizubaa swali lifike milisekunde 10, hizo ni dakika 100.

Dawa yake

1. Skani ifanyike ndani ya seva. Kama seva ni ya Linux, tumia rsync kupitia SSH. Kila upande unasoma diski yake, kisha orodha tu ndiyo inapita kwa netiweki.

2. Usisome faili nzima bila sababu. rsync kwa kawaida inalinganisha ukubwa na tarehe. Ukiongeza --checksum, inasoma kila faili mwanzo hadi mwisho.

3. Uko Windows? Robocopy iko ndani tayari. Ukiweka /MT inafanya kazi 8 kwa mpigo, na unaweza kupandisha hadi 128. Lakini chunga /MIR: ukifuta kitu kwa seva, inakifuta kwa bakapu pia.

4. Funga za zamani. CV na fomu za mwaka jana ziweke kwa zip moja. Faili elfu kumi zinageuka faili moja.

5. Ruka takataka. Folda za muda na kashe hazihitaji bakapu.

6. Chomeka kebo. WiFi waachie wateja.

Ukimaliza, chomoa diski ya bakapu uiweke mbali na seva, ndio virusi ikiingia isibebe zote. Na kila mwezi jaribu kurudisha faili moja. Ikikataa kufunguka, afadhali ujue leo kuliko siku mteja amesimama hapo akingoja CV yake.