Flokaje: historia ya maandishi juu ya nguo, na faida yake kwa familia zilizokimbia

Lulimba, teritwari ya Fizi. Timu ya vijana ikinunua mayo, swali la kwanza ni moja: nani atatutilia namba mgongoni? Watu wa mpira wanaita kazi hiyo flokaje, kwa Kifaransa. Leo tunaeleza neno hilo limetoka wapi, kwa sababu kuna akina mama na vijana waliofika hapa wakikimbia vita, wanaojua kushona na wanaotafuta kazi ya kulisha watoto.

Tuanze na nguo yenyewe. Karne ya 19, merikani na kaniki zilivuka ziwa Tanganyika kutoka Ujiji, na kitambaa kilikuwa kama pesa: walikipima kwa mikono, wakanunulia chakula na pembe za ndovu. Lakini merikani ni nyeupe tupu. Huko pwani wanawake walitaka nguo yenye mapambo, na ndipo kanga ikazaliwa. Mwanzoni mwa karne ya 20, mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, anayejulikana kwa jina la Abdulla, akaanza kuweka misemo juu ya kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Kitambaa ni kilekile, lakini neno likiwekwa juu yake, mnunuzi anachagua lile linalosema yaliyo moyoni mwake.

Kwenye mpira, namba zilikuja polepole. Tarehe 25 Agosti 1928, Arsenal na Chelsea ya Uingereza zilicheza zikiwa na namba mgongoni. Kombe la dunia la 1954 kila mchezaji alipewa namba yake ya mashindano yote. Mwaka 1974 Zaïre, nchi yetu, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza kombe la dunia, kule Ujerumani. Ilipoteza mechi zote tatu, lakini mayo yake yenye chui kifuani ingali inatafutwa na kuuzwa mpaka leo. Matokeo yalikuwa mabaya, picha imebaki.

Sasa flokaje. Neno linatoka kwenye flock, yaani vinyuzi vifupi sana, kama unga wa sufu. Zamani Ulaya walipaka gundi kwenye karatasi za ukutani, kisha wakanyunyiza unga huo ili ukuta ufanane na mahameli. Baadaye viwanda vikatumia umeme: vinyuzi vinavutwa, vinasimama wima ndani ya gundi. Ndiyo maana ukipitisha kidole unasikia ulaini. Kisha wakatengeneza filamu: juu vinyuzi, chini gundi inayoyeyuka kwa moto. Miaka ya 1980 na 1990 namba nyingi za timu za Ulaya zilikuwa za namna hiyo. Siku hizi wengi wanatumia plastiki nyembamba, nyepesi zaidi, lakini Wafaransa na sisi tumebaki na neno flokaje.

Kazi inakwenda hivi. Herufi inakatwa kinyume, kama unavyoiona kwenye kioo. Unaondoa mabaki, unaiweka juu ya nguo, unabana kwa joto la karibu digri 160, sekunde 15 hadi 20. Unaacha ipoe, ndipo unabandua karatasi ya juu. Nguo ifuliwe ikiwa imegeuzwa ndani nje, na pasi isiguse herufi.

Hapo ndipo shida ya Lulimba inaonekana. Mashini ya kubania inaomba wati 1000 au zaidi. Paneli ndogo ya kuchajia simu haitoshi. Pasi ya makaa inaweza kushikisha herufi ndogo, lakini haina kipimo: ikipoa, herufi inabanduka, ikizidi, polyester inayeyuka. Kwa hiyo, ndugu zetu, msikope pesa ya mashini kabla ya kujua umeme utatoka wapi. Jaribuni kwanza juu ya kipande cha nguo ya zamani. Mbane kwa uzito bila kusukuma pasi huku na huku, na mfue kipande hicho mara kadhaa kabla ya kugusa mayo ya mteja. Mayo moja ikiharibika, mtailipa ninyi.

Lakini faida ipo. Anayekimbia usiku hawezi kubeba cherehani kichwani pamoja na mtoto mgongoni. Mkasi, mkunjo wa filamu na ujuzi vinaingia ndani ya mfuko. Shati la chagua lililo tupu linapata bei nyingine likiandikwa jina la shule, la kwaya au la timu. Watu wa Mombasa walilijua hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kitambaa kinafunika mwili, lakini mteja analipia pia neno lililo juu yake.