Dau la Mpinzani: Kutoka Misafara ya Unyanyembe hadi Usajili wa Soka

Klabu inapoarifiwa kwamba mpinzani amempandia dau mchezaji wake kijana, huwa na njia tatu: kulifikia dau hilo ili kumbakiza, kumwachia aende kwa fidia, au kumzuia kwa nguvu ya mkataba na kamati. Suala hili hujadiliwa kila dirisha la usajili kana kwamba limezaliwa na mpira, ilhali katika nchi ya Unyanyembe, yaani sehemu ya Unyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora wa leo, matajiri walikuwa wakigombea nguvu za vijana zaidi ya karne moja na nusu iliyopita. Huko ndiko njia za misafara kutoka pwani, Ujiji na Karagwe zilikokutana, na historia ya njia hizo ina fundisho linalowafaa viongozi wa vilabu vya leo.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, kituo kilichokuja kujulikana zaidi kwa jina la Tabora, mnamo Novemba 1857, walikikuta tayari kikiwa makazi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokusanya pembe za ndovu na kuzipeleka Bagamoyo na Zanzibar. Kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo, biashara yote ilitegemea mabega ya wapagazi, yaani wachukuzi wa kulipwa, ambao kila mmoja alibeba takriban frasila 2, sawa na kilo 32 hivi, kwa mwendo wa majuma mengi. Mpagazi hodari alikuwa mtu aliyetafutwa kwa bidii, kwa maana pembe iliyokosa mbebaji haikuwa na thamani yoyote hata kama ilinunuliwa kwa bei nafuu.

Ajira hiyo ilikuwa na taratibu zake, na palikuwa na makundi mawili makubwa. Wanyamwezi walipatana ujira wa safari nzima, uliolipwa zaidi kwa nguo kama merikani, kitambaa cha pamba kilichotoka Marekani, na kaniki, kitambaa cheusi au cha buluu iliyokolea. Juu ya ujira huo walidai posho, yaani chakula cha kila siku kilichopimwa kwa kibaba au thamani yake kwa nguo na shanga. Waungwana, yaani watu wa pwani na Unguja ambao baadhi yao walikuwa watumwa waliolazimika kuwagawia mabwana zao sehemu ya ujira, walilipwa kwa mwezi, na katika miaka ya 1870 kiwango kilichozoeleka katika misafara ya Wazungu kilikuwa riale 5, na sehemu ya fedha ilitangulizwa kabla ya safari. Kiongozi aliyetembea mbele ya msafara, aliyeitwa kirangozi, alikuwa pia msemaji wa wenzake, hivyo madai ya malipo yalitolewa kwa pamoja na mara nyingi yalisikilizwa.

Katika mazingira hayo mwenye msafara hakuweza kulipuuza dau la mpinzani, kwani misafara mingi ilipiga kambi jirani na habari za nguo zilizotolewa na tajiri wa pili zilienea upesi. Hata hivyo, kulifikia dau hilo hakukuwa jambo jepesi, maana kumwongezea mpagazi mmoja kulimaanisha kuwaongezea wenzake wote, na aliyetumia nguo zake mapema angekosa cha kununulia chakula na cha kulipia hongo, yaani ushuru uliotozwa na watemi njiani. Msimu nao uliongeza uzito wa uamuzi, kwa sababu Wanyamwezi wengi walikuwa wakulima waliotaka kuwa nyumbani mvua zinapoanza, na aliyechelewa kuamua alibaki na mizigo bila wabebaji.

Vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilidhihirisha thamani ya wapagazi. Msafiri Henry Morton Stanley, aliyefika Unyanyembe mwezi Juni mwaka huo, alikwama kwa takriban miezi mitatu kabla ya kupata njia ya kusini kuelekea Ujiji, na mmisionari David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuanzia Februari hadi Agosti 1872 akisubiri watu waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Uaminifu wa wapagazi haukupatikana kwa tamko. Ulitegemea njia salama, malipo ya hakika na tajiri anayeheshimika.

Watu wawili walijibu uhaba wa wapagazi kwa namna tofauti. Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo, alijijengea nafasi ya kati kwa kuwakusanya wapagazi na kuwapatia wasafiri wa Kizungu, hata katika miaka ya 1880 ikawa vigumu kwao kuandaa msafara mkubwa bila kumpitia yeye. Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyekuja kama mmisionari kisha akageukia biashara, alijenga uhusiano na watu wa Usongo, kaskazini mwa Tabora, akamwoa Limi, mwanamke wa ukoo wa kitemi, na akaweza kukusanya misafara ya wapagazi wengi waliomwamini. Sewa Haji aliudhibiti mlango wa soko, na Stokes aliwapa watu sababu ya kurudi kwake, ingawa mpinzani alikuwa na nguo zilezile za kutoa.

Utawala wa kikoloni ulileta jibu la tatu, ambalo lilikuwa kuzuia ushindani wenyewe. Mwaka 1907, katika Wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, Wajerumani walianzisha kadi iliyomlazimu mwanamume kufanya kazi kwa walowezi siku 30 katika kila miezi minne kwa ujira uliopangwa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya upagazi wa masafa marefu ilififia na vijana wa Unyamwezi wakazidi kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944, chini ya Waingereza, wenye mashamba hayo waliunda SILABU, ofisi ya pamoja ya kuajiri vibarua, ili wasiendelee kunyang'anyana watu huko bara. Kibarua wa mkataba aliitwa manamba, kwa sababu alijulikana kwa namba aliyopewa, na kijana aliyeweza zamani kuchagua msafara sasa alipangiwa shamba.

Michezo ya kulipwa imerithi majibu hayo yote. Katika ligi ya hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, klabu inayotaka kijana ambaye mkataba wake umekwisha lakini haki zake bado ziko kwa klabu yake inaweza kumwandikia ofa rasmi, na klabu yake hupewa siku 7 za kuifikia ofa hiyo au kumwachia kwa fidia ya nafasi za kuchagua chipukizi. Agosti 2024, St. Louis Blues ilitoa ofa za namna hiyo kwa Philip Broberg na Dylan Holloway wa Edmonton Oilers, na Edmonton ikaamua kuwaachia. Faida ya utaratibu huo ni kwamba uamuzi una muda maalumu na kila upande unaijua bei.

Tanzania imeonja hasara ya kukosa uwazi kama huo. Mwaka 2012 klabu ya Simba ilidhani imempata beki Mbuyu Twite wa APR ya Rwanda, lakini akaishia klabu ya Yanga. Desemba 2022 Feisal Salum, akiwa na umri wa miaka 24, aliilipa Yanga shilingi milioni 112 ili kuvunja mkataba wake. Kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na kijana huyo akakaa nje ya uwanja kwa miezi kadhaa hadi Juni 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba viongozi wa Yanga walimalize jambo hilo na klabu ikamuuza kwa Azam. Yanga ilishinda kwenye kamati, lakini haikupata huduma ya mchezaji iliyemzuia.

Kwa hiyo klabu ilifikie dau la mpinzani pale tu inapoweza kulibeba bila kuvuruga mishahara ya wengine, na pale ambapo kijana mwenyewe bado anataka kubaki. Ikishindwa, imwachie mapema kwa fidia ya haki, maana fedha hiyo humlea chipukizi mwingine, ilhali mchezaji anayezuiliwa hupoteza miaka michache ambayo miguu yake inaweza kumlipa. Mkataba ni lazima uheshimiwe na pande zote mbili, lakini kazi ya kumbakiza kijana huanza kabla mpinzani hajabisha hodi, kwa mshahara unaolipwa kwa wakati, ahadi zinazotimizwa na mazungumzo mapya kabla mkataba wa zamani haujafika ukingoni.