Kulenga kisiki mwituni: zoezi la upinde kati ya Jinja na Mbale, na mipaka yake

Kulenga shabaha za asili ni zoezi la upinde lisilohitaji uwanja, ubao wala karatasi yenye duara. Mpiga mishale hutembea mwituni au kandokando ya shamba, huchagua kisiki kilichooza, jani lililolala kwenye ukingo wa udongo au shina la mgomba lililokwisha kukatwa, hupima umbali kwa macho, kisha hutupa mshale mmoja. Akiisha kuuokota, husogea na kuchagua shabaha nyingine.

Zoezi hili ni la kale, ni rahisi, na kwa Mashariki mwa Uganda lina swali moja zito: msitu huu ni wa nani? Kijana anayelenga kisiki katika shamba la mjomba wake yumo mchezoni. Akikilenga kisiki kama hicho hatua chache ndani ya hifadhi, anaweza kuhesabiwa kuwa jangili. Makala haya yanaeleza zoezi lenyewe, faida yake, hatari zake na mipaka ambayo sheria imeiweka.

Msamiati wake

Kiswahili kina maneno yake ya kazi hii. Upinde huitwa pia uta, na wingi wake wa kale ni mata. Kamba yake ni upote au ugwe. Mti wa mshale ni wano, ncha yake ni chembe, na ncha ya chuma huitwa pia kigumba. Mfuko wa kubebea mishale ni podo. Kitu kinacholengwa ni shabaha, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, ambalo leo hutumika hata kwa bunduki na mpira wa miguu.

Zoezi la kale

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto wa kiume alianza na upinde wa kijiti na mishale ya matete, akilenga chochote kilichokuwa mbele yake. Miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wavulana hupewa upinde mdogo wakiwa bado watoto wadogo, na huendelea kuuchezea kila siku hadi wanapofikia umri wa kuwinda. Hakuna darasa. Mwitu ndio mwalimu, na mshale uliopotea ndio adhabu.

Ulaya nayo iliijua njia hii. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1541 iliyotungwa wakati wa Mfalme Henry wa Nane iliwakataza wanaume waliozidi umri wa miaka 24 kulenga shabaha iliyo karibu kuliko yadi 220, yaani takriban mita 200. Vijana wa chini ya umri huo walizuiwa kuzoea shabaha moja isiyosogea, ila waliruhusiwa zoezi la kutembea na kubadili shabaha kila mshale unapotupwa. Watawala wale walitaka askari, na walijua kwamba adui hasimami mahali palipopimwa kwa kamba.

Siku hizi njia hiyo imekuwa mchezo rasmi. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa upinde huandaa mashindano ya dunia ya porini tangu mwaka 1969. Washindani hupita katika njia yenye shabaha 24, wakitupa mishale mitatu kwa kila moja. Kwa baadhi ya shabaha umbali huandikwa, na kwa nyingine mshindani hukadiria mwenyewe.

Kwa nini kisiki hufunza kuliko ubao

Jibu limo katika mwendo wa mshale, kwani tangu unapoacha upote huanza kuanguka. Chukua mshale wa upinde wa mti wa kawaida, uendao mita 45 kwa sekunde. Ukielekezwa sawasawa mbele, katika umbali wa mita 20 utakuwa umeanguka karibu mita moja. Katika umbali wa mita 30 utakuwa umeanguka zaidi ya mita mbili. Kosa la mita 10 katika kukadiria, basi, ni kosa la zaidi ya mita moja kwenye shabaha.

Anayefanya mazoezi uwanjani akisimama mita 18 kila siku huufundisha mkono wake umbali huo mmoja. Anayetembea mwituni hulazimika kuliuliza jicho lake upya kila mara: bonde hili lina upana gani, kivuli kile kinanidanganya vipi, kisiki kile ni kikubwa na kiko mbali, au ni kidogo na kiko karibu?

Mbale inaongeza somo lingine, nalo ni mteremko. Mji uko chini ya ukuta wa Wanale, katika vitako vya Mlima Elgon, na mashamba yake mengi yamelalia ubavu wa kilima. Mvuto wa dunia hufuata umbali wa mlalo, si urefu wa mteremko. Kisiki kilicho mita 30 chini ya mteremko wa nyuzi 30 kinapaswa kulengwa kana kwamba kiko mita 26 tu. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kupanda na kwa kushuka, na ndiyo maana mgeni wa milimani hupitisha mishale yake juu ya shabaha pande zote mbili. Jinja, kwa upande wake, ina ardhi iliyo tambarare zaidi kandokando ya Mto Naili, ambako kazi ngumu ni kukadiria umbali pasipo kilima wala bonde la kulisaidia jicho.

Shabaha zinazofaa na zisizofaa

Shina la mgomba ni zawadi ya eneo hili. Mkungu ukiisha kuvunwa, shina hukatwa kwa vyovyote. Ni laini, limejaa maji, huupokea mshale bila kuuvunja na kuutoa bila kuuzuia. Kisiki kilichooza nacho kinafaa, na ukingo wa udongo usio na mawe unafaa zaidi, kwa kuwa hakuna mshale unaopita upande wa pili.

Kichuguu hushawishi kwa umbo lake, lakini udongo wake mkavu ni mgumu kama tofali, na nyoka hupenda kujificha ndani yake. Mti ulio hai usilengwe: ncha hupasua gome, na jeraha hufungua njia kwa wadudu na kuvu. Kwa zoezi hili wapiga mishale wengi hutumia ncha butu, kwa sababu haizami sana katika mti na hupunguza madhara, ingawa nayo inaweza kumuumiza mtu vibaya.

Usalama

Waswahili husema: mlenga jiwe kundini hajui limpataye. Mshale ni mbaya kuliko jiwe, kwani upinde wa kawaida unaweza kuurusha zaidi ya mita 100, na hautoi mlio wa kuonya. Mwitu unaoonekana mtupu mara nyingi una watu: wanawake wanaotafuta kuni, watoto wanaochunga mbuzi, mtu anayechuma uyoga. Mashamba ya miwa ya pande za Kakira, karibu na Jinja, huwaficha wafanyakazi kabisa. Kwa hiyo:

- Usitupe mshale mpaka ujue utakakokomea ukiikosa shabaha.
- Usilenge juu angani, wala shabaha iliyo kwenye mgongo wa kilima ambako huoni upande wa pili.
- Atupe mmoja kwa wakati, na wengine wote wasimame nyuma yake.
- Hesabu mishale kabla ya kuondoka. Mshale uliosahaulika majanini ni mwiba kwa mguu wa mtu au kwato ya ng'ombe.
- Watoto wasiachwe peke yao, hata kwa pinde za vijiti.

Msitu huu ni wa nani?

Katika Uganda kuna tofauti kubwa kati ya kichaka cha mtu binafsi, msitu wa hifadhi na hifadhi ya taifa. Katika shamba binafsi, idhini ya mwenye shamba ndiyo mlango wa kwanza, na ni vyema mwenyekiti wa kijiji ajulishwe, ili majirani wasishtuke kuwaona watu wenye silaha.

Misitu ya hifadhi ya serikali kuu, kama Mabira iliyo magharibi ya Jinja, husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Misitu chini ya sheria ya misitu ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza kukata au kuharibu mazao ya msitu bila kibali. Msitu wa kupandwa wa mikaratusi au misonobari nao waweza kuwa hifadhi, hata kama hauna uzio.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,100 upande wa Uganda, iko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kuingia hifadhini bila ruhusa na kuwinda bila leseni. Mtu aliyekutwa humo na upinde, hata kama podo lake lina ncha butu tupu, huanza kujieleza akiwa tayari mshukiwa. Askari wa wanyamapori haoni kisiki kilicholengwa. Anaona silaha ya uwindaji.

Waliobaki nje ya mpaka

Mipaka hiyo ina historia yenye machungu. Wabenet, wanaojulikana pia kama Wamosop, waliishi katika nyanda za juu na misitu ya Elgon kwa ufugaji na mazao ya msitu. Mwaka 1983 serikali iliwahamishia nje ya msitu, na mwaka 1993 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Tarehe 27 Oktoba 2005, Mahakama Kuu iliyoketi Mbale iliwatambua kuwa wakazi wa asili wa sehemu ya ardhi hiyo. Hata hivyo, mwaka 2008 wengine waliondolewa tena, na mgogoro haujakwisha.

Kenya ilipitia njia inayofanana. Wawaata, waliosifika kwa pinde zenye nguvu kubwa, waliiona nchi yao ya uwindaji ikiwa Hifadhi ya Tsavo mwaka 1948. Katikati ya miaka ya 1950 wengi wao walifungwa katika kampeni dhidi ya ujangili. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Wanyama walihitaji ulinzi, hilo halina ubishi. Lakini pamoja na uwindaji ulipotea uwanja ambamo baba alimfunza mwana kupima bonde kwa jicho.

Zoezi la kulenga kisiki haliwezi kuirudisha ardhi hiyo, wala halimpi mtu ruhusa ya kuvuka mpaka. Linaloweza kuhifadhiwa ni ujuzi wenyewe, na hauhitaji mnyama wala hifadhi. Unahitaji shamba lenye ukingo wa udongo, idhini ya mwenyewe, mgomba uliokwisha kuvunwa, na mkubwa anayesimama nyuma ya mtoto na kumwuliza, kabla hajauvuta upote: ukikosa, mshale wako utakwenda wapi?