Nyumba inayoelea Pwani Kusini: Tazama nanga kabla ya mapambo

WATALII wanaozuru Amsterdam, jiji kuu la Uholanzi, wanaweza kulala katika nyumba zilizofungwa kando ya mifereji ya maji, zenye meko, vitanda na madirisha mapana sawa na za nchi kavu. Huko Srinagar, Kashmir, boti za mbao zenye nakshi zimepokea wageni katika Ziwa Dal tangu zama za ukoloni wa Mwingereza. Nako Kerala, kusini mwa India, vyombo vilivyokuwa vikibeba mpunga viligeuzwa nyumba za wageni katika miaka ya 1990.

Vyombo hivyo vya Kerala huitwa kettuvallam, maana yake chombo kilichofungwa kwa kamba, kwa kuwa mbao zake hushonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Msomaji wa Pwani atakumbuka mtepe wa Lamu, ulioshonwa vivyo hivyo kabla ya kutoweka mapema katika karne ya 20. Ufundi huo basi tuliwahi kuwa nao. Ambacho hatukufanya sana ni kukigeuza chombo cha mizigo kuwa chumba cha kulala. Mjini Mombasa, majahazi ya mkahawa wa Tamarind yamejulikana kwa miaka mingi kwa kuwaandalia wageni chakula cha jioni yakielea, lakini wageni hao hula wakarudi kulala nchi kavu.

Je, anayekwenda likizo Kwale anaweza kulala majini? Anaweza, ila si mahali popote, na hasa si Diani kama wengi wanavyodhani.

Sababu ni maji yenyewe. Maji ya Ziwa Dal hayapwi wala hayajai. Bahari ya Diani hupwa na kujaa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti ya kina huzidi mita 3. Maji yakipwa, sehemu kubwa ya eneo lililo kati ya ufuo na mwamba hubaki wazi hata watu wakatembea kwa miguu. Chombo chenye mkuku kikiachwa hapo kitalalia ubavu, na kitanda kizuri kitakuwa ukuta. Nje ya mwamba nako ni bahari kuu, ambako hakuna usingizi. Wenye hoteli ya kisiwa cha Chale, kusini kidogo mwa Diani, wanalijua jambo hili vyema: maji yakijaa wageni huvushwa kwa boti, na yakipwa huvushwa kwa trekta.

Maji yenye hifadhi yako kusini zaidi. Kuna ghuba ya Gazi, iliyozungukwa na mikoko ambayo wenyeji huitunza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Kuna Funzi, karibu na mlango wa mto Ramisi. Aidha, kuna mlango wa bahari kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, ambapo kisiwa hicho kimejinyoosha kama boma dhidi ya mawimbi ya bahari kuu. Kwa maoni ya mwandishi huyu, Wasini ndipo pafaapo zaidi, ingawa mkondo wake ni mkali na nahodha asiyepajua hafai kuaminiwa. Safari nyingi za majahazi kutoka Shimoni huwa za mchana, kwa ajili ya pomboo na matumbawe ya Kisite, hivyo mwenye kutaka kulala chomboni hana budi kupatana mapema na mwenye chombo.

Hapo ndipo suala la mapambo linapoingia. Jahazi lililojengwa kubeba boriti na chokaa lilitegemea uzito wa shehena ili litulie. Likiondolewa shehena ni lazima litiwe farumi, yaani mawe au mifuko ya mchanga katika ngama, la sivyo litayumba. Mbunifu anayeweka birika la kuogea na kuta za vioo juu ya shetri hupandisha uzito juu na kuliondolea jahazi utulivu wake. Chumba kizuri cha majini ni kile ambacho vitu vizito viko chini, kivuli ni cha turubai au makuti, na upepo hupita kutoka omo hadi shetri. Mbao ziwe zimekalafatiwa upya. Harufu ya maji yaliyooza ndani ya ngama haifichwi na udi wala mito ya hariri.

Mfano wa karibu wa ubunifu uliozingatia mahali uko ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Pemba. Mwaka wa 2013 kulifunguliwa huko chumba kinachoelea kilichobuniwa na Mikael Genberg, msanii wa Uswidi, ambaye mnamo 2000 alikuwa amejenga kingine katika Ziwa Mälaren nchini mwake. Cha Pemba kina paa la kuotea jua, sebule iliyo sawa na maji, na chumba cha kulala kilicho karibu mita 4 chini ya uso wa bahari. Kwa nje kinafanana na banda tu. Uzuri wake ni samaki wanaopita dirishani, na wasingepita kama matumbawe yangeharibiwa na nanga.

Onyo hilo linawahusu pia wageni wa Kwale. Hifadhi ya Kisite-Mpunguti inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kiingilio hulipwa. Nanga haipasi kutupwa juu ya matumbawe. Vyombo hufungwa kwenye maboya. Tangu Juni 5, 2020, chupa na vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja vimepigwa marufuku katika mbuga na fuo zinazolindwa. Swali ambalo wageni huona haya kuliuliza ni la choo. Majahazi ya zamani yalikuwa na kisanduku kilichoning'inia nje, na kila kitu kilikwenda baharini. Chombo kinacholaza watu usiku kucha katika maji tulivu kinahitaji tangi la kuhifadhi uchafu huo. Mwenye chombo akishindwa kueleza uchafu unakwenda wapi, tafuta kingine.

Kadhalika, ulizia leseni ya Mamlaka ya Bahari Kenya (KMA), na uhesabu jaketi za kujiokoa mwenyewe badala ya kuambiwa idadi yake.

Majira bora ni ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hupandisha mawimbi, hasa kati ya Mei na Agosti. Kutoka Mombasa hadi Shimoni ni kiasi cha kilomita 75 kwa kupitia feri ya Likoni na Ukunda. Wengine huikwepa feri kwa barabara ya Dongo Kundu. Beba chandarua, kwani mbu wa mikokoni hawajali nakshi. Kabla ya kuchagua tarehe, tazama jedwali la maji la Halmashauri ya Bandari (KPA) na uchague siku za maji mafu, ambapo mkondo wa Wasini hupungua nguvu na hata asiyezoea bahari hupata usingizi.