Bargnani ndiye aliyeiletea Toronto kombe

Muulize shabiki wa mpira wa kikapu ni nani aliyewapa Toronto Raptors ubingwa wa NBA mwaka 2019, atakutajia Kawhi Leonard papo hapo. Hakosei. Lakini ukiifuata hesabu kinyumenyume, mkataba hadi mkataba, unaishia kwa Mwitaliano ambaye mashabiki wa Toronto walikuwa wakimzomea uwanjani kwao: Andrea Bargnani. Alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2006, na kufikia 2013 klabu ilikuwa imemchoka.

Klabu yenyewe ilikuwa imezoea kukimbiwa. Ilianza 1995, na tangu Vancouver Grizzlies wahamie Memphis mwaka 2001 imebaki timu pekee ya NBA iliyo nje ya Marekani. Tracy McGrady aliondoka mwaka 2000. Vince Carter alipelekwa New Jersey Desemba 2004, baada ya kuonyesha wazi kwamba hataki tena kubaki. Chris Bosh akaenda Miami 2010. Wachezaji wakubwa waliomaliza mikataba kwingine hawakuona sababu ya kuifuata baridi ya Canada.

Mwaka 2013 klabu ikamkabidhi usukani Masai Ujiri, Mnigeria aliyekulia Zaria, mama yake Mkenya. Alitokea Denver, na msimu huohuo alikuwa ametunukiwa tuzo ya kiongozi bora wa klabu katika ligi nzima.

Hapa msomaji wa soka inabidi aweke kando mazoea yake. Katika NBA tajiri hawezi kufungua pochi na kumng'oa mchezaji wa watu kama inavyofanyika dirisha la usajili linapofunguliwa kwetu. Ligi ina kikomo cha mishahara. Timu iliyokivuka, ikimtaka mchezaji wa timu nyingine, lazima itoe wachezaji wake wenye mishahara inayokaribiana na ya huyo anayekuja. Ili mzigo ukubalike, huongeza zamu zake za kuchagua chipukizi katika drafti za miaka ijayo, na zamu hizo ndizo sarafu halisi ya biashara hii. Aliyemaliza mkataba ni mchezaji huru, anasaini anakotaka, na timu anayoiacha inaweza kubaki mikono mitupu.

Julai 2013 Ujiri akampeleka Bargnani kwa New York Knicks. Akaletewa Marcus Camby, Steve Novak na Quentin Richardson, na wawili kati yao, Camby na Richardson, hawakuichezea Toronto hata mechi moja ya ligi. Mali ilikuwa kwingine: zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2016, pamoja na mbili za raundi ya pili.

Na zamu hiyo ina kisa chake. Mwaka 2011, alipokuwa Denver, Ujiri huyohuyo ndiye aliyewapa Knicks nyota Carmelo Anthony, na miongoni mwa alivyodai ni haki ya Denver kubadilishana zamu na Knicks mwaka 2016, ikiwa ya Knicks itakuwa nzuri zaidi. Mwaka ulipofika, Denver wakachukua nafasi ya 7 ya Knicks na kumchagua Jamal Murray. Toronto wakapata ile ya Denver, nafasi ya 9, wakamchagua Mwaustria Jakob Poeltl. Yaani zamu moja ya Knicks, Ujiri aliivuna mara mbili, kila mara akiwa ofisi tofauti.

Desemba 2013, timu ikiwa imeshinda mechi 6 na kupoteza 12, alimwondoa Rudy Gay, aliyekuwa akilipwa karibu dola milioni 18 kwa msimu, akampeleka Sacramento. Wengi walisoma nia yake: kubomoa kila kitu, kufungwa kadiri inavyowezekana na kusubiri chaguo la juu kwenye drafti. Kyle Lowry naye alikuwa mlangoni. Taarifa za wakati ule zilisema dili la kumpeleka New York lilikuwa limeiva, ila mmiliki wa Knicks, James Dolan, akalikataa, kidonda cha Bargnani kikiwa bado kibichi. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi uliowasaidia Raptors kuliko huo, na si wao walioufanya. Wachezaji waliotoka Sacramento waliipa benchi uhai, Lowry akawaka, na msimu ukaisha kwa ushindi wa mechi 48, rekodi ya klabu wakati huo.

Mmoja wa waliotoka Sacramento, Greivis Vásquez, alipelekwa Milwaukee mwaka 2015. Kwa huyo mmoja Toronto walipata Norman Powell na zamu ambayo mwaka 2017 ilimleta OG Anunoby.

Sokoni kwa wachezaji huru mambo hayakuwa mepesi hivyo. Kuwabakiza wa nyumbani kuliwezekana: Lowry alisaini miaka minne kwa dola milioni 48 mwaka 2014, na DeMar DeRozan mwaka 2016 alisaini mitano kwa milioni 139 bila kukutana na klabu nyingine yoyote. Wa nje walikuwa bahati nasibu. DeMarre Carroll alipewa dola milioni 60 mwaka 2015, akaandamwa na majeraha, na miaka miwili baadaye Toronto wakalazimika kuwaongezea Brooklyn zamu ya raundi ya kwanza ili wamchukue. Bismack Biyombo, kijana wa Lubumbashi, alikuja mwaka huohuo kwa bei ya chini, na Mei 2016 akadaka ribaundi 26 katika mechi moja dhidi ya Cleveland. Miezi miwili baadaye Orlando wakamwekea dola milioni 72 mezani. Toronto hawakuwa na uwezo wa kujibu.

Kisha LeBron James wa Cleveland. Aliwatoa kwenye mtoano 2016, 2017 na 2018, mara mbili za mwisho bila wao kupata hata ushindi mmoja. Kocha Dwane Casey alifukuzwa baada ya kushinda mechi 59 katika msimu wa kawaida.

Julai 2018 ikafika zamu ya DeRozan, aliyekuwa Toronto tangu 2009. Alipigiwa simu usiku, akiwa kwenye maegesho ya mgahawa wa vyakula vya haraka Los Angeles, akaambiwa anahamia San Antonio. Alisema hadharani kwamba alikuwa amehakikishiwa hatauzwa, na Ujiri akamwomba radhi mbele ya waandishi. Aliondoka pamoja na Poeltl, yule wa Bargnani, na zamu moja ya drafti. Wakaja Danny Green na Kawhi Leonard, ambaye majeraha yalikuwa yamemwachia mechi 9 tu msimu uliotangulia na ambaye angeweza kuwa huru baada ya mwaka mmoja.

Februari 2019 akaongezwa Marc Gasol kutoka Memphis, na Juni 13 Raptors wakawafunga Golden State 114-110 mjini Oakland, wakatwaa ubingwa kwa mechi 4-2. Katika kikosi hicho hakuna hata mmoja aliyekuwa amechaguliwa ndani ya nafasi 14 za kwanza za drafti. Kawhi alikuwa wa 15, Pascal Siakam wa 27, Gasol wa 48, na Fred VanVleet hakuchaguliwa na timu yoyote.

Hazikupita wiki nne, Kawhi akasaini na Los Angeles Clippers. Toronto hawakupata kitu. Ujiri aliondoka Juni 2025 bila kuirudisha timu fainali, na wapo wanaosema aliuza moyo wa klabu kwa mkopo wa msimu mmoja. Mimi siungani nao: klabu iliyokaa miaka 24 bila kombe haiwezi kusema ilipunjwa.